Vitufe vya Ombeni

Mimi vitufe vyangu nilivitenga.
Upanga kwenye moja, moto kwenye mbili,
ngao kwenye tatu, kuponya kwenye R,
na kule pembeni kabisa kitufe cha kukimbia,
ambacho kwa majivuno sikuwahi kukigusa.
Kila kidole na kazi yake, kama nyumba yenye watoto wengi:
huyu maji, huyu vyombo, huyu ufagio,
na yule mdogo anayejifanya anaumwa.

Chumba cha gemu cha Shirima, Keko,
nyuma ya mafundi wa vitanda.
Unga wa mbao hupenya dirishani, ukakaa
katikati ya herufi, mpaka R haishuki
ila uigonge kama mlango wa mdeni wako.
Mia tano, nusu saa.
Feni ya meza humgeukia kila mtu kwa zamu. Haina upendeleo.

Ombeni alijiunga nasi wakati wa masika,
njia imejaa maji, viatu kavishika mkononi.
Akaketi mashine ya mwisho, akafungua mipangilio,
nikaona kwa jicho la wizi anachofanya:
upanga, moto, radi, mkuki wa barafu,
vyote akavifunga kwenye kitufe kimoja.
Ukibonyeza, mchezo wenyewe unachagua.
Upanga ukipumzika, moto. Moto ukipumzika, radi.

Nikacheka. Nikasema kwa sauti ya kusikika,
maana nilikuwa nimejipa ufundi mwenyewe:
"Huo si mchezo, huo ni uji. Unakoroga tu.
Kidole kimoja hakivunji chawa, kaka."
Hakujibu.
Alifuta kiti kwa kiwiko, akasogea karibu na skrini.

Usiku ule tulimwendea Malkia wa Majivu, watu wanne.
Vidole vyangu vikatawanyika
kama kuku waliomwagiwa mtama.
Nilitaka ngao, nikapiga moto.
Nilitaka kuponya, R imelala.
Zuhena chini. Ngosha chini, anatukana Kisukuma kitupu.
Uhai wangu, ule mstari mwekundu juu ya kichwa,
umebaki unywele.

Kisha mwanga wa kijani.
Haukuwa wangu.
Ukanijaa, ukasita,
ukaja tena kwa wakati wake, bila pupa,
kama mtu anayepima dawa kwa kijiko.
Nikageuka.

Mkono wake wa kushoto juu ya kibodi
ulikuwa na gumba na kidole cha shahada. Basi.
Vingine vilibaki kwenye msumeno,
karakana ya tatu kutoka hapa, mwaka juzi.
Alinieleza bila kushusha sauti,
kama anataja bei ya kitanda cha tano kwa sita.

"Kupiga nimekuunganisha," alisema.
"Kupiga ni kupiga, mashine itajua kipi kianze.
Ila kuponya nimekuacha peke yake, hapa kwenye gumba.
Hicho sitaki kibonyezwe kwa bahati.
Nikimponya mtu, nataka nijue nimeamua."

Malkia hatukumuua.
LUKU iliisha, giza likatumeza wote, yeye kwanza.
Shirima akaanza kusoma namba ishirini kwa mwanga wa simu,
nne, nne, saba, ngoja, nimekosea,
na mimi gizani vidole vinanichezea juu ya paja:
moja, mbili, tatu, R.

Kesho yake nilifungua mipangilio.
Nikaunganisha upanga na moto. Nikatengua.
Nikaunganisha tena, nikaona aibu, nikaacha hivyo hivyo.
Kuhusu yule chawa sikusema kitu,
naye hakuniuliza.

Alikuwa amekuja na brashi ya vanishi, mpya, kavu.
Akaipindua kibodi yangu, akaikung'uta,
akaanza kuutoa unga wa mbao,
mninga, mkongo, na ule mwekundu nisioujua jina,
herufi moja,
halafu nyingine.