Dirisha la Namba Kumi na Nne

Mtaa wetu wa Leeuwarden hauna mapazia.
Ndiyo desturi ya huku: taa zimewashwa, vioo vi wazi,
apitaye aone sofa, aone maua, aone supu mezani,
ajue wenye nyumba hawana la kuficha.
Basi nami nikaona.
Nikamwona paka wangu.

Amejilaza dirishani mwa namba kumi na nne
juu ya mto wa mahameli alioshonewa,
narudia: alioshonewa,
mkia ukining'inia kama kamba ya kengele,
na Gesina Oosterhof akimchana mgongo
kwa burashi yenye mpini wa fedha.
Nilisimama na baiskeli yangu mvuani.
Paka alinitazama kama utazamavyo mtu
unayedhani mliwahi kusoma naye.

Jina lake Pluis. Mimi nilimpa,
siku nilipomtoa zizini kwa mjomba Wubbe
akiwa mwepesi kuliko barua.
Wao wanamwita Baroni.
Na anaitika, mnafiki. Anaitika.

Daktari alisema figo zimechoka.
Ale kile cha mfuko wa kijivu tu,
gramu thelathini asubuhi, thelathini jioni,
bei yake naona haya kuitaja.
Gesina humpa heringi.
Humpa krimu, humpa ngozi ya kuku,
na mumewe, Harm, mstaafu wa reli,
hutoka uani saa kumi na moja kamili
akigonga kikopo kwa kijiko: ting, ting, ting.
Treni hazikuwahi kumtii hivyo.
Paka wangu huruka ua kama aliyekatiwa tiketi.

Niliandika kikaratasi, nikakifunga mkandani shingoni mwake:
"Tafadhali msinilishe. Ninaumwa figo."
Alirudi alfajiri, ndevu zikinuka samaki,
kikaratasi kimegeuzwa, kwa wino, mwandiko wa kizamani:
"Mbona mwenyewe hakutuambia?"

Wahenga walisema paka wa nyumba haingwa.
Sawa. Ila hawakusema
wa nyumba ipi.

Jumamosi nikavuka barabara. Nilikuwa nimejiandaa:
cheti cha daktari, risiti za miezi sita,
na ile sauti yangu ya kudai.
Gesina alifungua kabla sijabisha
(yeye naye ana dirisha).
Hakukana. Akanimiminia kahawa,
akanipa biskuti moja, akafunga kopo,
maana hiyo nayo ni desturi ya huku,
akasema:
"Huja kwetu usiku, ukishaenda kiwandani.
Kwanza hukaa mlangoni pako. Robo saa.
Nimemhesabia.
Halafu ndipo anavuka."

Nilikuwa na maneno, na yote yalikuwa ya haki.
Zamu ya usiku kwenye kiwanda cha maziwa ni masaa kumi,
na sikuwahi kujiuliza masaa kumi ni marefu kiasi gani
kwa asiyejua kwamba utarudi.
Nikasema tu: "Heringi itamuua."
Harm akakiweka kijiko chini
taratibu, kama mtu aliyekutwa nacho.

Sasa mfuko wa kijivu unalala nyumba mbili.
Harm aliomba risiti, akalipa nusu hadi senti ya mwisho,
na kwenye jokofu lao kuna jedwali, mistari kwa rula:
tarehe, gramu, hali ya choo.
Sijawasamehe lile jina.
Na nikisikia ting, ting ng'ambo ya ua
tumbo bado hunikaza,
nami husimama jikoni nikijifanya nasuuza kikombe.

Jana Pluis amerudi na mkanda mpya,
mwekundu, una njuga ndogo.
Nikajua ni wao. Nikatazama ng'ambo, nimeshakasirika,
na Gesina kasimama kwenye kioo chake, mikono kiunoni,
akajigusa shingo kwa kidole,
akauliza kwa midomo bila sauti: Wewe?
Nikatikisa kichwa.
Tukageuka sote wawili, polepole,
tukaanza kuutazama mtaa,
dirisha kwa dirisha.