Kitanda Nambari Kumi na Nne

Mimi ndiye ninayegawa bangili mlangoni.
Kazi yenyewe si kubwa: nifunge, nibane kidogo,
nimwambie mgeni, "Hii itakusomea moyo,"
na wengi hucheka, kana kwamba
nimeomba kuwapima viatu.

Kiwanda kilizimwa kabla sijazaliwa.
Leo sakafu imevikwa mpira mweusi
na chini yake mota sitini na mbili,
ili asiyesikia naye apate kelele yake:
vitanda vya mfumi mia mbili
vikimngurumia nyayoni.
Tulisifiwa. Waziri alivua viatu,
akasimama dakika tatu, akapigwa picha.

Jumanne moja ya Februari,
theluji ya Łódź imegeuka tope,
akaingia Bi Genowefa Pietrzak
na mjukuu wake Kalina, anasukuma kiti cha magurudumu
kisicho na mtu. Bibi alikataa kukikalia.
Aliniangalia mdomo, si macho.
Nikapandisha sauti. Kalina akasema,
"Usipige kelele. Masikio aliyaacha humu humu.
Sema polepole tu, na usiufiche mdomo."

Hivyo ndivyo walivyozungumza wote, nikaja kujua:
wanawake mia nne, midomo bila sauti,
habari za mimba, za mkate, za msimamizi na mikono yake,
zikivuka juu ya mitande
na mwenye kiwanda asiambulie neno.

Juu, kwenye chumba cha skrini, Tymon huketi
akitazama mioyo ya watu, mistari ya kijani.
Anajua wapi hulia:
ukumbi wa tatu, kwenye kiatu cha mtoto.
Kiatu kile kina taa yake na muziki wake.
Bi Genowefa alikipita
kama anayepita kibanda cha magazeti.
Mstari wake umelala.

Halafu, kati ya nguzo na dirisha la kaskazini,
pasipo kitu, pasipo hata kibao,
mstari ukaruka hadi ukingoni mwa skrini.
Tymon alishuka ngazi mbili mbili
akidhani imeharibika bangili, au mtu.

Tukamkuta amevua viatu na soksi,
vidole vya miguu amevikunja,
amekasirika.
"Mmedanganya," alisema, kwa sauti kubwa mno,
ya mtu asiyeisikia.
"Vitanda vyenu vinatembea kama askari.
Changu, nambari kumi na nne, kilikuwa kinachechemea."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.
Hiki hakukilalia; alikisimamia
miaka thelathini na mmoja,
na kunguni wake alimjua kwa jina:
jino moja la gurudumu, lilivunjika mwaka wa harusi yake,
fundi akaahidi Jumatatu,
na Jumatatu haikuja.

Akapiga magoti. Kalina akamzuia, akashindwa.
Akaweka kiganja juu ya mpira, akatupigia:
ta, ta, ta, kimya, ta-ta.
Ta, ta, ta, kimya, ta-ta.
"Katika kimya hiki," akasema, "ndipo nilipovuta pumzi.
Siku Leokadia alipoanguka, hapo uliposimama,
nilijua kwa miguu. Kitanda chake kilinyamaza
kabla mtu hajageuza shingo."
Tymon akasogea hatua moja, taratibu,
kama aliyekanyaga mkeka wa watu.

Hakuwa na karatasi. Aliilaza simu yake sakafuni,
ikarekodi kile kiganja mara kumi na tisa,
maana mara kumi na nane bibi alisema bado.

Sasa mota moja kati ya sitini na mbili
inakosea kwa makusudi.
Hatujaweka kibao. Wageni huja mlangoni
kunirudishia bangili, wakaniinamia,
wakaninong'oneza kwa upole wa wanaotaka kusaidia:
"Pale dirishani, sakafu yenu ni mbovu."
Nawaambia najua.
Nawaambia fundi anakuja Jumatatu.