Ufunguo Bubu

Ulinidondoka Nyawera, mvua ikipiga bila adabu,
nikipokea chenji ya makaa kwa mkono mmoja.
Nilisikia mlio mdogo, kama kijiko
kinachogusa sahani nyumba ya jirani,
kisha mtaro ukacheua, ukameza.

Kijana mwenye mwavuli akanihurumia:
Samehe, mama. Usiku huu utalala ziwani,
keshokutwa Ruzizi itaushusha hadi Tanganyika.
Basi utafika Kalemie kabla yangu,
mimi ninayeahidi safari hiyo kila Desemba.

Gari likabaki kwenye mteremko,
jiwe mbele ya gurudumu, pua ikitazama bonde.

Fundi Kulimushi ana meza ya misumari,
na kila msumari una shada la funguo.
Hakuniuliza jina. Aliniuliza:
Ule mwingine uko wapi?
Uko kwa mtu.
Mtu gani?
Mtu aliyeondoka nao.
Akapangusa tupa kwenye suruali, akanyamaza
kwa muda unaostahili.

Na nitajuaje kwamba gari ni lako?
Karatasi zimo ndani, nikamwambia.
Zimo ndani, akarudia, kama hakimu
aliyewahi kudanganywa na watu wenye sura nzuri kuliko yangu.
Basi nitajie kilichomo.

Nikamtajia.
Chini ya kiti cha nyuma kuna kiatu cha mguu wa kushoto,
namba ishirini na sita; mwenyewe sasa anavaa arobaini.
Mbele kuna maganda ya karanga, na rozari
iliyokatika kwenye fumbo la tatu.
Usukani uko kulia, kama ulivyotoka kwao.
Redio husema Kijapani kila nikiwasha,
haijaambiwa bado kwamba ilishafika Bukavu.
Na mlango wa dereva, siku za baridi,
haufunguki mpaka uubembeleze kwa goti.

Akakinga macho kwa viganja, akabandika uso kiooni.
Kioo kikapata ukungu, akakifuta kwa kiwiko.
Kiatu nakiona, akasema.
Huo ndio ulikuwa muhuri wangu.

Akachukua ufunguo bubu:
shaba tupu, mgongo laini, bila jino,
usiowahi kufungua kitu
wala kumfungia mtu nje.
Akaupitisha juu ya mshumaa hadi ukavaa masizi,
akausukuma kitasani, akautikisa kidogo, akautoa.
Pale masizi yalipokwanguka, pale kitasa kimesema.
Tupa mara tatu. Masizi tena. Ndani. Nje.
Mara ishirini, mara thelathini, sikuhesabu tena;
nilikuwa natazama mtu anayeuliza
bila kuchoka kujibiwa kidogo kidogo.
Ndani ya nyumba yangu sijawahi kuulizwa hivyo.

Gari kuukuu, shukuru, alisema, halina chipu kichwani.
Ukazunguka.
Redio ikanisalimu kwa lugha yake
na mimi, mjinga, nikaitikia.

Dola nane. Wa pili nusu bei. Nikuchongee?
Chonga, nilisema, kabla sijafikiri.
Tupa ikaanza kuimba ndipo nikajiuliza:
wa pili nitampa nani?
Mwanangu yuko Kindu. Dada yangu hupoteza hata viatu.
Nilipanda mlima wote na jina halikuja.

Jioni nikagonga kwa M'Cikuru,
ambaye hatujasalimiana tangu Pasaka
kwa sababu ya maji ya bati lake.
Nikafungua pindo la kitenge.
Nitunzie.
Aliutazama kama mtu anayesoma bei.
Na nikiliendesha, nikaenda zangu?
Utashindwa na mlango, nikasema.
Akacheka? Sijui. Kitu kilipita mdomoni.
Akautumbukiza kwenye kopo la chumvi, akafunika.

Nilipofika kwangu mvua ilikuwa imerudi,
na maji ya bati lake, kama kawaida,
yakamwagikia uani kwangu.