Penseli ya Bluu

Tulianza kwa kupimana maji.
Injinia Mbonea alikuja na rula ya mti, ndefu kupita mlango,
akauliza: mwaka ule yalifika wapi?
Nyamizi akagusa goti. Kondo, kiuno.
Selestina hakusema kitu. Alikwenda dirishani,
akanyoosha mkono juu ya fremu, akabandika kiganja ukutani,
akakiacha pale mpaka injinia alipoandika.

Mimi ni katibu wa kamati. Nina mwandiko mzuri,
ndiyo maana nikakabidhiwa ramani na penseli tatu:
kijani ya miti, nyekundu ya nyumba,
bluu ya mto.

Ramani ilitanda madawati manne.
Juu kabisa vilima vya Pugu, chini kabisa sisi, Kigogo bondeni,
na katikati Msimbazi, uzi uliofumuka.
Mafuriko yenu, akasema injinia, hutungiwa mimba kule juu;
huku mnazalishwa tu.
Kila mti uliogeuka gunia la mkaa
ulituandikia barua,
na barua zote zilifika usiku mmoja, kwa mlango wa uani,
bila hodi.

Basi tukapanga. Miche elfu sita vilimani.
Mianzi kingoni. Matete yaachwe,
hata kama yanaficha kenge.
Kinyerezi yachimbwe mabwawa madogo ya kupumzishia maji,
maana maji hukimbia hivi kwa kukosa pa kukaa.

Kipengele cha nne: vyoo.
Watu wote wakatazama dari.
Nani hutapisha choo mvua ikinyesha?
Hakuna.
"Basi mto hujinyea wenyewe," akasema Nyamizi,
na hilo nalo nikaliandika, kisha nikalifuta.

Lusajo wa mchanga hakualikwa, lakini alikuja,
akasimama nyuma, buti zina tope la juzi.
"Kuta zenu zote ni mchanga wangu," akasema.
"Mnataka niache kuchimba. Sawa.
Wanangu watakula muhtasari?"
Tulicheka. Kisha hatukucheka.
Niliandika: kazi mbadala,
nikaweka alama ya kuuliza, nikaikoleza
mpaka karatasi ikatoboka.

Ndipo injinia akaniinamia.
Mto unadai upana wake, akasema. Haukuuza eneo, ulisafiri tu.
Paka bluu, katibu, kutoka hapa mpaka hapa.

Nikapaka.
Nikapita banda la kuku la Kondo.
Nikapita saluni, nikapita mabomba ya kutawadhia,
nikapita uwanja ambao watoto huuita Ulaya.
Bluu ilikwenda vizuri, laini, kama inateremka yenyewe.
Halafu nikauona mpapai.
Kutoka angani ni nyota ndogo tu, ya kijani,
kando ya paa lenye kiraka cha bati jipya.
Kiraka kile nilikishikia ngazi mimi.
Vyumba vitatu, miaka kumi na tisa ya vitumbua,
tofali likinunuliwa moja moja, kama dawa.

Penseli ikazunguka paa, ikaendelea mbele.

Hakuna aliyeona. Injinia alikuwa akinywa maji.
Selestina, ambaye nyumba yake niliishaipaka
bila hata kupunguza mwendo,
akasogea, akaweka kidole juu ya mpapai.
"Katibu," akasema polepole, "hapa umeruka."

Nilichonga penseli. Ilihitaji kuchongwa.
Nilichonga muda mrefu.

Jioni nilirudi kwa njia ya kingoni.
Kiangazi mto ni mwembamba, mtoto anauruka;
umebeba ndala moja, povu, na mfuko wa sukari,
unajifanya haujui kitu.

Mama alikuwa akiloweka mchele wa kesho.
Akanitazama vidole. "Una nini kwenye kucha?"
Rangi, nikasema.
"Na kikao? Mmepanga nini?"

Miti, nikamwambia.
Tumepanga kupanda miti.