Dhiraa Moja na Nusu

Nilibisha ukutani kwa kifundo cha kidole. Haukuitika.
Mawe meusi ya Muhabura, yaliyokuwa moto kabla ya kuwa nyumba,
yamebebana dhiraa moja na nusu kwenda ndani.
Sebuleni ruta inawaka taa zake nne za kijani;
jikoni, hatua kumi na mbili tu,
simu ni kioo cha kujitazamia.

"Fundi Adriko," akasema Mama Nyirabagenzi,
"nimelipia miezi mitatu,
na nusu ya boma langu haijapata hata salamu."

Nikaeleza kwa mikono, kama tunavyoeleza mafundi:
wimbi ni mgeni mwenye haya.
Mlango wa mbao ataubisha, dirisha la kioo atalichungulia,
lakini akikuta jiwe hili atageuka, ataenda kulala kwa mbuzi.
Na kweli, nilipozunguka nje na simu mkononi,
banda la mbuzi lilikuwa na vistari vinne.

Alicheka akashika tumbo.
"Ndiyo maana wananidharau. Wanajua habari za Kampala kabla yangu."

Ghala la viazi vya mbegu: hakuna.
Kibanda cha maziwa, chini mteremkoni: hakuna.
Mwenye oda ya mbegu kutoka Kabale
hujibiwa na Gasigwa, mpwa wa mama, aliyekwea tangi la maji,
mvua ikimpiga mgongoni, kidole kimoja kikiandika.

Niliweka ripita dirishani. Ikapokea nusu, ikatoa robo:
asiyesikia vizuri atasimulia nini?
Nikasema, tutoboe. Nikatoa keekee.

Akasimama mbele ya ukuta.
"Semanza aliujenga mwaka mmoja kabla ya risasi.
Tulilala sakafuni, watoto katikati.
Zikapiga nje, pu, pu, kama bisi kwenye sufuria ya jirani.
Asubuhi tulihesabu makovu ya mawe.
Watu hatukuwa na haja ya kuwahesabu.
Hutoboi."

Nikairudisha keekee mfukoni mwake.
Mimi ni mtu wa Arua.
Kwetu kuta hazikuwa nene hivyo.

Tukanywa chai. Nikaanza kukunja waya.
Ndipo Gasigwa, mdomo umejaa kiazi:
"Shangazi, na lile tundu la kusikilizia ng'ombe?"

Nyuma ya kabati la unga, usawa wa goti,
Semanza alikuwa ameacha nafasi ya ngumi moja
ili usiku asikie zizi bila kufungua mlango.
Sweta kuukuu liliziba. Tukalivuta.
Likaja na vumbi, na mavi ya panya,
na furushi la noti lililofungwa kwa ubugu wa mgomba,
noti za zamani, za kabla sufuri mbili hazijakatwa.

Mama alizihesabu zote, akilamba kidole,
fedha isiyonunua hata njiti ya kiberiti.
Mara hii hakucheka.
"Aliniambia hakuna. Mwaka mzima
watoto wangu walikunywa uji wa chumvi."
Akalitazama lile tundu kwa muda mrefu,
kama mtu anayengoja jibu kutoka upande wa pili.
"Haya. Pitisha waya wako."

Ukapita kama uliokuwa ukijua njia.
Jikoni nikafunga kisanduku cha pili,
juu ya ghala antena ndogo, inayoitazama ya kibanda,
uso kwa uso, bila jiwe katikati.
Kufikia magharibi: jikoni vistari vitatu, ghalani vitatu,
kwenye maziwa viwili, na kimoja mvua ikinyesha.
Zaidi ya hapo sikuahidi.

Nilidhani atampigia binti yake aliye Mbarara.
Akamkabidhi Gasigwa simu, na furushi.
"Waulize humo ndani, mwaka ule,
hizi zilikuwa kilo ngapi za sukari?"

Kijana akaanza kutafuta.
Mimi nikapiga magoti, nikaliokota lile sweta,
nikalisokomeza tena tunduni, kuuzunguka waya,
panya wasipite.