Mkono wa Mheshimiwa

Mimi ndiye ninayeandika daftari la wazazi
katika zahanati ya Kome, upande wa machweo,
mwaka wa ishirini na moja sasa.
Kalamu ya buluu kwa aliyejifungua salama,
nyekundu kwa aliyetutoka.
Daktari Ntobi aliichukia ile nyekundu.
Aliificha mara mbili nyuma ya jiko la mafuta,
nami nikanunua nyingine.

Alitoka Magu na begi moja na redio mbovu.
Alikuwa na tabia: ukimpa mkono,
vidole vyake viwili huteleza hadi kwenye kifundo,
midomo ikicheza kimyakimya.
Watu wakadhani anawaombea.
Anahesabu tu.
"Mzee Bugeni, moyo wako unakimbia kama umeiba kuku.
Kesho uje asubuhi, usile."
Hivyo ndivyo alivyoikamata presha ya mwenyekiti wetu,
sokoni, mbele ya fungu la dagaa.

Kisha usiku wa Nyanzala.
Mtoto amekingama tumboni, damu haikatiki.
Mtumbwi upo. Mashine ipo.
Petroli iko dukani,
na mwenye duka yuko msibani Nyehunge na ufunguo wake.
Huko nje karabai za dagaa zimetapakaa
utadhani mji mzima umehamia majini,
taa zote zile,
na hakuna hata moja iliyogeuka kuja kwetu.
Alfajiri nikaitafuta kalamu.
Safari hii alinipa mwenyewe.

"Misoji," akasema, "ugonjwa huu haukubali sindano.
Dawa yake imefungiwa kabatini Dodoma."
Mwaka uliofuata akagombea.

Wenzake waligawa khanga na sukari.
Yeye alisimama juu ya kreti la soda akasema:
"Kichocho hakitaisha, maana mnakojoa ziwani,
nami nimewaona."
Wakacheka hadi wakashikana mabega.
Wakampa kura.

Na boti ikaja, nisiseme uongo.
Nyeupe, yenye machela na taa ya kuzunguka.
Ubavuni waliandika jina lake.
Mimi nilitegemea la Nyanzala.

Muhula wa pili akawa naibu waziri.
Alikuja na magari manne juu ya kivuko,
sisi wauguzi tumepangwa kama vikombe.
Akafika kwangu, akanipa mkono,
nikasubiri vidole.
Havikuja.
Macho yake yalikuwa tayari kwa mtu aliyenifuata.
Baadaye nilijipima mwenyewe chooni:
mia moja na kumi na mbili.

Uchaguzi wa tatu alishindwa na mchuuzi wa mabondo,
kwa kura mia mbili na kumi na nne.
Mashine ya boti ilikuwa imepelekwa Mwanza kutengenezwa
na kupotelea Kirumba, kila mtu akijua kwa nani.
Kuku walianza kutaga kwenye machela.
Hilo tu lilitosha; mpinzani hakuhitaji hotuba.

Alirudi Machi, kwa kivuko cha Nyakarilo,
amesimama kati ya mbuzi na magodoro.
Watoto wakapiga kelele: "Mheshimiwa! Mheshimiwa!"
Akawaambia, "Huyo alishuka safari iliyopita."
Amenenepa. Nywele zimemkimbia.
Nikajiapiza kutompa mkono,
mkono ukaenda wenyewe.

Vidole viwili.
Kwanza vikapotea njia, vikapapasa mfupa,
kisha vikatulia.
Midomo ikaanza.
Nilinyamaza nisimpoteze hesabu,
mbuzi akala ukingo wa shuka tuliloanika, nikamwacha ale.
"Themanini na nane," akasema,
halafu, bila kuniangalia, "Umenikasirikia."
Sikumjibu. Nikamwambia kuna mtu leba tangu saa nane,
mimba ya kwanza, mtoto wa dada yake Nyanzala.
Koti lake la zamani halikufunga vifungo.
Akaingia nalo wazi.

Jina la binti niliandika kwa buluu, la mtoto pia.
Siku hizi petroli tunanunua mapema,
lita ishirini, kwa michango.
Naificha mimi,
palepale nyuma ya jiko,
na ufunguo naulalia.