Yatokanayo

Ajenda namba tatu: Malengo ya Taifa ya Elimu ya Juu.
Niliandika hivyo, nikapigia mstari kwa rula.
Newala ilikuwa Juni, ukungu umeingia mpaka mlangoni,
wageni wanne wamevaa makoti,
na projekta imekataa kuwaka
hadi Mnalemba wa stoo alipoizaba kofi
kama azabavyo redio yake nyumbani.

Ukutani likatokea lengo la kwanza:
Kuongeza udahili.
Mshale wapanda, asilimia yapanda,
mwaka umeandikwa pembeni, uko mbali.
"Toeni maoni," akasema mwenye tai ya kijani, "msiogope."
Hakuna aliyeogopa.
Watu walikuwa wanapiga hesabu.

Bi Somoe Nambunga akasimama na stakabadhi za chama cha msingi.
Kilo mia nne na kumi, mnada wa pili.
Toa ushuru, toa magunia, toa deni la dawa,
toa mzee aliyelazwa Ndanda siku tisa.
"Iliyobaki ni mihula miwili ya Fadina.
Mihula ya chuo ni sita.
Hii minne naomba nionyeshwe
iko lengo namba ngapi."

Niliandika: *Mjumbe aliomba ufafanuzi kuhusu ada.*

Lengo la pili: Kuinua ubora.
Likwata, shahada ya mafuta na gesi,
siku hizi anachaji simu za watu kwa sola pale stendi.
"Bomba nimelisoma miaka minne," akasema.
"Lilikuwa kwenye bango. Mwalimu alilielekeza
kwa mpini wa fagio: hapa vali, hapa geji,
nasi tukanakili, mpaka kutu tukaichora.
Nikaenda Mtwara kwenye usaili.
Wakaniuliza, umewahi kushika?
Nikajibu, nimeona."
Ukumbi ulicheka. Yeye alicheka wa mwisho,
akakaa, akaangalia viganja vyake.

Niliandika: *Umuhimu wa mafunzo kwa vitendo ulisisitizwa.*

Sentensi hiyo niliikuta kwenye muhtasari wa mwaka juzi.
Na wa mwaka ule mwingine.
Naijua kwa mkono, kama saini.

Lengo la tatu lilikuwa Utafiti, na muda ulikuwa umekwisha,
chai imeshamiminwa, maandazi yanapoa,
lakini Bi Tecla Nandonde hakusubiri kuruhusiwa:
"Walikuja vijana wa chuo shambani kwangu,
wapole, wana adabu, wakavua viatu barazani.
Wakachuma majani ya mikorosho yanayougua,
wakayatia kwenye bahasha, wakaandika jina langu juu.
Huu ni mwaka wa sita.
Mimi nauliza tu:
majani yangu yalifaulu, au yalifeli?"

Mwenye tai alifungua mdomo, akaufunga.
Kalamu yangu ilitafuta sentensi ya kiserikali,
ikakosa.
Nikaandika alivyosema, neno kwa neno,
na alama ya kuuliza nikaikoleza.

Jioni afisa aliirudisha rasimu.
Majani yamekatwa kwa wino mwekundu.
Pembeni: *Weka "ushirikishwaji wa jamii".*
Nikaweka. Nina mkataba wa miezi mitatu.

Ila kuna karatasi ya mahudhurio,
ile isiyosomwa na mtu, inayobanwa nyuma kabisa:
jina, kijiji, simu, kiwango cha elimu, sahihi.
Likwata ameandika *Shahada*, kwa herufi ndogo ndogo.
Bi Tecla amechora mkwaju.
Kwenye safu ya kiwango cha elimu
Bi Somoe, wa darasa la saba,
ameandika, kwa mwandiko wa kukandamiza
hadi karatasi ya chini yake imepata kovu:
*Fadina, mwaka wa kwanza.*

"Hii rekebisha," akaniambia afisa.
Nikaitikia ndiyo.
Nikachukua stepla.